Tela lililoyumba: kisa cha tela la kubebea gari nililolijenga mwenyewe

Tela lilianza kuyumba tukishuka mteremko mrefu, mwendo kilomita 85 kwa saa. Mkia ulienda kushoto, ukarudi kulia, ukaenda kushoto tena, na safari hii mbali zaidi. Shemeji alikuwa kwenye usukani wa pikapu yake, mimi nimeketi kando yake, na juu ya tela kulikuwa na gari bovu la kilo 1,480. Kufikia mbembeo wa nne gurudumu moja la nyuma la tela lilikuwa limeshavuka mstari wa katikati. Kwa bahati hakukuwa na gari lililokuwa likija. Shemeji aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani bila kupambana nao, nami nikaisukuma swichi ya mkono inayofunga breki za tela peke yake. Likanyooka polepole. Tuliegesha pembeni, tukakaa kimya muda mrefu kabla ya yeyote kufungua mlango.

Tela hilo nililijenga kwa mikono yangu, kuanzia chuma cha kwanza hadi rangi. Baada ya siku ile nililipima, nikalikata, nikalichomelea upya. Naeleza kisa chote pamoja na hesabu zake, kwa sababu kosa halikuwa mahali ambapo kila aliyelitazama alilitafuta.

Waliokuja kulitazama walianza na mishono ya kuchomelea. Waligonga chuma kwa nyundo, wakapanda jukwaani na kurukaruka, wakasema hili ni imara. Walikuwa sahihi. Boriti kuu zilikuwa chaneli za chuma laini, yaani vyuma vyenye umbo la herufi C, zenye kimo cha milimita 125. Kila sentimita 60 kulikuwa na chuma cha kukatiza, na sakafu ni mbao nene zilizofungwa kwa bolti. Ekseli zilikuwa mbili, kila moja ya kiwango cha pauni 3,500, yaani kilo 1,588, hivyo kwa pamoja zinabeba zaidi ya tani tatu. Siku ile tela na gari vilikuwa kilo 2,300. Chuma hakikulemewa hata kidogo.

Nilichokosa ni kulifikiria tela kama wenzo. Nililijenga kama kitanda: miguu katikati, godoro juu, mzigo popote. Lakini tela la kuvutwa limeegemea sehemu mbili tu, magurudumu yake na tufe la chuma lililo nyuma ya gari linalovuta. Mahali unapoziweka ekseli ndipo unapoamua kilo ngapi zikalie tufe na ngapi zikalie magurudumu. Uamuzi huo mimi niliufanya kwa utepe wa kupimia na chaki, ndani ya dakika mbili. Jukwaa lilikuwa na urefu wa mita 5, nikaweka alama kwenye mita 2.5, nikaona limependeza kwa kulingana pande zote.

Shingo ya tela, yaani vile vyuma viwili vinavyokutana mbele na kubeba kikombe cha kushika tufe, ilikuwa mita 1.2. Kwa hiyo kutoka kwenye tufe hadi katikati ya ekseli mbili kulikuwa na mita 3.7. Namba hiyo ndiyo egemeo la hesabu zote zinazofuata, na yeyote anayejenga tela lake aitafute ya kwake kabla hajakata chuma.

Tulilipima tela tupu kwenye mizani ya magari: kilo 820. Kisha tukapima uzito wa shingoni peke yake. Njia ni rahisi na kila mwenye mizani ya kujipimia mwili anaweza kuitumia. Chukua ubao mgumu, upande mmoja ulaze juu ya tofali, upande wa pili juu ya mizani, kimo kilingane. Gawa ubao sehemu tatu sawa kati ya nguzo hizo mbili, kisha shusha shingo ya tela juu ya ubao kwenye theluthi iliyo karibu na tofali. Mizani itabeba theluthi moja ya uzito, nawe unazidisha kwa tatu. Zingatia mambo mawili: tela likae sawa kama linavyokaa likivutwa, na uutoe kwanza uzito wa ubao ambao mizani iliusoma kabla ya kupakia. Mizani yetu ilionyesha kilo 11. Shingo ya tela tupu ilikuwa na kilo 33 tu.

Gari lenyewe tulilipima ekseli kwa ekseli. Magurudumu ya mbele yalibeba kilo 888, ya nyuma 592. Ndivyo ilivyo kwa gari la kawaida lenye injini mbele, uzito mwingi unaegemea puani. Umbali kati ya ekseli zake ni mita 2.6, hivyo kitovu cha uzito, pale ambapo ungeweza kulisimamisha juu ya ncha moja likatulia, kiko mita 1.04 nyuma ya magurudumu ya mbele. Ukiongeza sentimita 90 kutoka bampa la mbele hadi magurudumu hayo, kitovu kiko mita 1.94 kutoka puani.

Siku ile hatukulipandisha kwa pua. Gurudumu moja la mbele lilikuwa halizunguki, na ilikuwa rahisi kulivuta kwa winchi kinyumenyume, magurudumu mazima ya nyuma yakitangulia, la mbele likiburuzwa mwishoni. Wakati ule niliona ni ujanja mzuri. Kwenye mizani ujanja huo una maana nyingine. Gari lina urefu wa mita 4.4. Likiingia kinyumenyume hadi mwisho wa jukwaa, kitovu chake kinakaa mita 2.46 kutoka ukingo wa mbele wa jukwaa, yaani mita 3.66 kutoka kwenye tufe. Ekseli ziko mita 3.7. Tofauti ni sentimita 4! Gari zima la kilo 1,480 lilikuwa limekaa karibu juu kabisa ya ekseli, na likachangia shingoni kilo 16 tu. Jumlisha na 33 za tela tupu, unapata kilo 49. Katika kilo 2,300, hiyo ni takribani asilimia 2.

Kwa tela la aina hii, lenye ekseli katikati na kuvutwa kwa tufe, kiwango kinachotumika sana ni asilimia 10 hadi 15. Ulaya wajenzi hufuata kiwango cha chini zaidi, kwa kuwa magari mengi ya huko yana kikomo kidogo cha uzito juu ya tufe na mwendo wa kuvuta umewekewa mipaka. Asilimia 2 iko chini ya viwango vyote.

Sababu ni hii. Tela linapovutwa, kila tikiso dogo, upepo wa lori linalopita, shimo upande mmoja, linausukuma mkia upande. Tairi za tela zinaurudisha. Kitovu cha uzito kikiwa mbele ya ekseli kwa umbali wa kutosha, mbembeo unapungua kila unaporudi, kama bembea iliyoachwa bila kusukumwa. Kitovu kikisogea nyuma, kupungua huko kunakuwa kudogo. Na mwendo ukiongezeka kunapungua tena, hadi unafika mwendo ambapo mbembeo haupungui kabisa, kila unaporudi unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Matela mengi yana mwendo wa namna hiyo. La kwangu, kwa mzigo ule, lilikuwa nao karibu na kilomita 85, na ndiyo maana kwenye tambarare kwa kilomita 70 tulicheka na kusifiana.

Mteremko ulimalizia kazi. Pikapu ikipunguza mwendo na tela likiendelea kusukuma kutoka nyuma, shingo inakuwa kama fimbo unayoisukuma badala ya kuivuta, na fimbo inayosukumwa hutafuta upande wa kupindia. Ndiyo sababu kukanyaga breki za gari linalovuta katika hali hiyo ni hatari, na kuongeza mwendo ili kulinyoosha ni hatari pia. Shemeji hakufanya lolote kati ya hayo. Namshukuru hadi leo.

Kulikuwa na dalili tuliyoipuuza mapema, na hii inanisumbua kuliko yote. Wakati wa kupakia, magurudumu ya nyuma ya gari bovu yalipogusa ukingo wa jukwaa, pikapu ilinyanyuka matako. Tuliiona. Shemeji akauliza, "Hii ni kawaida?" Nikamjibu itashuka gari likisogea mbele. Ilishuka kweli. Lakini hesabu ya tukio lile ni rahisi: kilo 592 zimekaa mita 2.5 nyuma ya ekseli, na upande wa pili wa wenzo ni mita 3.7. Zinainua tufe kwa kilo 400, ukiondoa 33 za shingo zinabaki 367. Pikapu tupu ikiinuliwa nyuma kwa kilo 367, na breki yake ya mkono iko magurudumu ya nyuma, inabaki imeshikwa na nini? Tungekuwa mahali penye mwinamo, vyote vitatu vingeondoka bila dereva. Tela la kubebea gari linahitaji miguu miwili ya kusimamia kwenye pembe za nyuma, ya kushusha kabla ya kupakia na kupandisha kabla ya kuondoka. Mimi sikuiweka kwa sababu niliona inaongeza kazi.

Tulipolifikisha nyumbani kwa mwendo wa kilomita 40 nilipiga magoti chini yake na tochi. Hapo ndipo nilipoona ufa.

Ulikuwa kwenye boriti ya kulia, pale shingo inapokutana na jukwaa, kwenye bawa la chini la chaneli, yaani ule upande wake uliolala chini. Urefu wake kama kucha ya kidole gumba. Nilikuwa nimeweka kipande cha chuma cha kuimarisha pembe ile, nikakichomelea pande zote nne kwa fahari kubwa, pamoja na mshono uliokatiza bawa kutoka ukingo hadi ukingo. Kati ya tufe na ekseli, boriti iliyobeba mzigo hujaribu kupinda tumbo chini. Bawa la juu linabanwa, la chini linavutwa. Chuma kinachovutwa na kuachiwa maelfu ya mara hutafuta mahali pa kuanzia kupasuka, na mshono unaokatiza njia ya mvuto unakipa mahali hapo: moto umebadilisha chuma kandokando yake, na mara nyingi kuna mfereji mwembamba pale rodi ilipokula ukingo. Wa kwangu ulikuwa na mfereji huo. Niliweza kuusikia kwa ukucha.

Sheria wanayoifuata wajenzi wa matela ni kuchomelea kwa kufuata urefu wa boriti, na kuuepuka kabisa mshono wa kukatiza kwenye bawa la chini. Vyuma vya kukatiza vishikwe kwenye ukuta wa chaneli, sehemu ya katikati ya kimo ambako mvuto na mbano ni mdogo. Nilikuwa nimesikia hayo. Nilidhani chuma kingi na mshono mwingi haviwezi kudhuru.

Ufa ule haukusababisha kuyumba, na nadhani hata kuyumba hakukuuanzisha, ila kuliupa haraka. Yote mawili yanatoka kwenye kuwaza kulekule. Nilikuwa naongeza nguvu kila mahali bila kujiuliza nguvu inapita wapi. Hata kimo cha boriti nilikichagua kwa macho, ingawa hapo nilibahatika. Ubao ukilazwa unapinda, ukisimamishwa kwa ubavu unagoma. Ukizidisha kimo chake mara mbili, ukaidi wake wa kupinda unakuwa mara nane. Chaneli nyembamba yenye kimo inashinda chuma kinene kilicholala, na ni nyepesi.

Jambo la tatu nilikutana nalo kwenye nyaya. Swichi ya mkono ilifunga breki, lakini kwa ulegevu. Breki za umeme za ekseli hizi zina sumaku kila gurudumu, na kila sumaku inavuta karibu ampea 3, kwa magurudumu manne karibu 12. Waya wa kurudishia umeme nilikuwa nimeufunga kwa bolti juu ya chuma kilichopakwa rangi. Umeme ukatafuta njia nyingine, kupitia kikombe na tufe, vyuma viwili vyenye grisi vinavyorukaruka. Taa zilikuwa zikififia kila nikikanyaga breki, na nilidhani ni betri. Nilikwangua rangi, nikaleta waya mnene wa kurudishia hadi kwenye plagi, nikafunga na kupaka grisi ya kuzuia kutu. Breki ziliamka siku hiyohiyo. Katika Umoja wa Ulaya tela linalozidi kilo 750 haliruhusiwi barabarani bila breki zake lenyewe, na baada ya mteremko ule nisingehitaji sheria kunishawishi.

Ukarabati ulianza kwa ekseli. Kanuni ya kuanzia kwa jukwaa la gari ni sehemu 60 kwa 40: katikati ya ekseli mbili ikae asilimia 60 ya urefu wa jukwaa kutoka mbele. Kwa mita 5 ni mita 3, maana yake nizisogeze nyuma kwa nusu mita, na umbali kutoka kwenye tufe uwe mita 4.2. Vishikio vya springi nilivikata kwa grainda nikiacha ganda jembamba la mshono, kisha nikalisaga taratibu. Ukiikata boriti hapo umejitengenezea ufa mwingine.

Kuzirudisha kulinichukua siku nzima, na nyingi ya saa hizo ni za kupima. Kutoka katikati ya kikombe hadi kila ncha ya ekseli ya mbele umbali uwe sawa; nilikubali tofauti ya milimita 3, si zaidi. Kisha ekseli ya nyuma ipimwe kutoka ile ya mbele, kushoto na kulia. Niligusisha mshono kidogo kila pembe, nikapima tena, kwa sababu chuma kinapopoa hujivuta. Upande wa kulia ulikuwa umejivuta milimita 5. Ningemaliza mshono bila kupima, tela lingetembea kiubavu na kula tairi.

Ufa niliutoboa tundu dogo kwenye ncha yake ili usiendelee, nikauchimba wote kwa grainda hadi chuma safi, nikaujaza, nikausawazisha. Juu yake nikaweka bamba lenye umbo la almasi, ncha zake zikielekea mbele na nyuma, lililochomelewa kwenye pande zake ndefu tu. Shingo nayo nikairefusha chini ya jukwaa hadi chuma cha tatu cha kukatiza, ili mzigo uingie kwenye fremu kidogokidogo badala ya kugota mahali pamoja.

Sasa hesabu mpya. Ekseli, springi na magurudumu, karibu kilo 220, zilirudi nyuma nusu mita, na kitovu cha tela tupu kikarudi nazo sentimita 13. Shingo tupu ikawa na kilo 101. Nilipopiga hesabu kwa gari lilelile likiwa limepanda kwa pua na kugusa ukingo wa mbele, nilishtuka: gari peke yake linachangia kilo 373, jumla 474, zaidi ya asilimia 20. Kitabu cha pikapu kimeandika kikomo cha kilo 350 juu ya tufe. Ningeliacha hivyo, matako ya pikapu yangelala, pua ingenyanyuka, na magurudumu yanayoongoza yangepoteza mshiko. Nilikuwa nimetoka kwenye kosa moja na kuingia kwenye lile la upande wa pili, kwa kufuata kanuni nzuri kabisa.

Kanuni ya 60 kwa 40 inakupa mahali pa kuanzia. Mahali pa gari juu ya jukwaa ndipo pa kumalizia. Nililihesabu upya nikitaka jumla ya kilo 290 hivi: gari lichangie 190, maana yake kitovu chake kikae mita 3.66 kutoka kwenye tufe. Likipanda kwa pua, linasimama sentimita 52 nyuma ya ukingo wa mbele. Likipanda kinyumenyume, linagusa ukingo kabisa. Mahali ambapo mwanzoni palitupa asilimia 2, baada ya kusogeza ekseli panatupa kilo 291, asilimia 12 na nusu na ziada kidogo. Gari ni lile, jukwaa ni lile, zimehama ekseli tu.

Hata kunyanyuka kwa pikapu wakati wa kupakia kulipungua. Zile kilo 592 kwenye ukingo sasa ziko mita 2 nyuma ya ekseli, na shingo ina kilo 101 za kupambana nazo, hivyo kinachoinua tufe ni kilo 181. Bado ni nyingi. Miguu ya nyuma nimeiweka, na winchi haizungushwi kabla haijashushwa.

Safari ya majaribio tuliifanya asubuhi, barabara tupu na tambarare. Upepo wa tairi tuliujaza hadi kiwango kilichoandikwa ubavuni, kwa kuwa tairi laini huliachia tela licheze. Mikanda minne, kila mmoja ukivuta kwenye pembe yake. Minyororo miwili imepishana chini ya shingo, ili kikombe kikichomoka shingo iangukie juu yake badala ya kuchimba lami. Kilomita 50, shemeji akatikisa usukani kidogo mno. Mkia ulienda upande, ukarudi, ukatulia. Kilomita 60, vilevile. Kilomita 70. Hapo nilimwambia inatosha, na hatujawahi kuvuka 80 tukiwa na gari juu.

Baada ya kilomita 30 tulisimama, nikagusa kila hubu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa mgongo wa mkono. Tatu zilikuwa na joto la kawaida, ya nne ilinifanya niondoe mkono. Nati ya beringi niliikaza kupita kiasi. Tuliilegeza palepale, tukaongeza grisi, na baada ya kilomita nyingine 30 zote nne zililingana.

Sakafuni nimechora mstari mweupe mita 1.42 kutoka ukingo wa mbele, pale magurudumu ya mbele ya gari lile yanaposimama likipanda kwa pua. Wiki iliyopita shemeji aliniletea gari jingine, lenye injini nyuma. Akanyoosha kidole kwenye mstari, akauliza kama tuliegeshe hapo. Nilikwenda kuchukua ubao, tofali na mizani.